Barua ya Wazi kwa Bunge la Kenya: Ondoeni Chakula cha Gerezani kwenye Deni la Aliyefungwa

Kwa Waheshimiwa Maspika wa Bunge la Kitaifa na Seneti,
na Waheshimiwa Wabunge na Maseneta wote wa Jamhuri ya Kenya.

KUH: KIFUNGO CHA MADAI NA CHAKULA CHA ALIYEFUNGWA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu za heshima. Tunaandika tukiwa wasaidizi wa kisheria na wasomaji wa historia ya magereza, na tunaandika hadharani kwa kuwa njia ya faragha imeshindikana. Barua mbili tulizopeleka katika ofisi inayohusika ziligongwa mhuri wa kupokelewa, zikaishia hapo.

Shauri letu ni moja. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21, bado inaruhusu mtu aliyeshindwa kulipa deni lililoamuliwa na mahakama akamatwe na kutiwa gerezani. Deni likizidi shilingi mia moja, anaweza kukaa humo miezi sita. Shilingi mia moja kwa bei za miaka hii hainunui hata pakiti ya kilo mbili ya unga. Akiwa ndani, chakula chake kinalipiwa na mdai wake, mwezi kwa mwezi, malipo yakitangulia. Kisha fedha hizo zinahesabiwa kuwa gharama za kesi, na gharama za kesi zinamrudia yeye. Sufuria ya gerezani inaandikwa kwenye daftari la deni lake. Kweli, sheria inakataza kumfunga kwa sababu ya fedha hizo za chakula, lakini haizifuti. Anaingia akidaiwa, anatoka akidaiwa zaidi, na katikati hapo hajafanya kibarua hata siku moja.

Maneno ya vifungu hivi yanafanana kwa karibu sana na yale ya sheria ya India ya mwaka 1908, na wenzetu wa Tanzania wanayo yanayofanana nayo katika sheria yao ya mwaka 1966. Chimbuko la yote ni Uingereza. Na huko Uingereza kulikuwa na watu walioijua kanuni hii kuliko jaji au mbunge yeyote, nao ni wadaiwa waliofungwa kwayo. Mwaka 1621 wafungwa wa gereza la Fleet, London, walipeleka mashtaka Bungeni dhidi ya mkuu wa gereza lao, Alexander Harris. Mwaka 1691 muuza vitabu Moses Pitt, naye akiwa mfungwa wa deni, alichapisha habari alizoandikiwa na wadaiwa wa magereza ya mikoani. Mwaka 1729 kilio hicho hatimaye kililifanya Bunge lifungue milango na kuingia kutazama. Yaliyoonekana humo yanahusu sheria yetu ya leo, na ndiyo tunayowaletea.

1. Gereza linaloishi kwa mfuko wa aliyefungwa

Mdaiwa wa Uingereza ya wakati ule hakuwekwa ndani kama adhabu. Aliwekwa kama rehani. Mwili wake ulishikwa mpaka deni lilipwe, na muda haukuwa na kikomo. Serikali haikumpa mkuu wa gereza mshahara, alikula ada. Cheo chenyewe kilinunuliwa na kuuzwa kama duka. John Huggins alinunua cheo cha ukuu wa gereza la Fleet kwa pauni 5,000 mwaka 1713, na Agosti 1728 akakiuza kwa bei ileile kwa Thomas Bambridge na mwenzake. Upande wa kusini wa mto Thames, katika gereza la Marshalsea, William Acton, mtu ambaye kazi yake ilikuwa uchinjaji wa nyama, alikodi gereza pamoja na mapato ya vyumba vyake kwa pauni 400 kwa mwaka.

Aliyetoa fedha kiasi hicho hakuwa na mahali pengine pa kuzirudishia isipokuwa mifukoni mwa watu waliofungwa kwa kukosa fedha. Kulikuwa na ada ya kuingia. Kulikuwa na kodi ya chumba na ya kitanda. Mfungwa aliweza kutiwa pingu nzito, kisha akauziwa nafuu ya kuvuliwa. Hata deni lilipokwisha lipwa, au mdai alipoamua kusamehe, lango halikufunguliwa mpaka ada ya kutoka imalizwe. Kuna watu waliobaki ndani kwa ajili ya ada peke yake. Juu ya hayo palikuwa na kiingilio, fedha ambayo wafungwa wenyewe walimtoza mgeni. Asiyekuwa nayo alivuliwa koti.

Bunge lilikuwa limejaribu kurekebisha. Sheria ya mwaka 1671 iliagiza wadaiwa wasichanganywe na wahalifu, iliruhusu mfungwa kuagiza chakula na matandiko yake kutoka nje, na iliagiza orodha ya ada halali ibandikwe gerezani. Sheria ilikuwa nzuri, lakini iliacha riziki ya mkuu wa gereza ikitegemea ada, kwa hiyo kila alichonyimwa kwa mlango mmoja alikitafuta kwa mwingine. Miaka 58 baadaye kamati ya Bunge ilikuta unyang'anyi uko palepale.

Marshalsea iligawanywa pande mbili, upande wa waliolipa kodi ya chumba na upande wa maskini. Mwaka 1729 upande wa maskini ulikuwa na watu zaidi ya 300. Tunawaomba msome polepole jinsi walivyokufa, kwa kuwa kamati ya Bunge iliandika hatua zake moja baada ya nyingine. Kwanza misaada ya ndugu na marafiki ilikwisha. Kisha mfungwa aliuza nguo na matandiko, akala fedha zake. Alipomaliza mgawo wake wa mwisho wa chakula, siku chache zilitosha kumlegeza, mwili ukapata homa ya kunyong'onyea. Aliposhindwa kusimama, kama aliweza kuzipata peni 3 za kumlipa mwuguzi, alibebwa hadi chumba cha wagonjwa, akasogeza siku kwa mwezi mmoja au miwili, akafa. Peni 3 ni sehemu moja ya 80 ya pauni. Kamati ilieleza kwamba ilikuwa nadra siku kupita bila kifo, na kwamba majira ya machipuko yalipoingia walikuwa wakifa watu 8 hadi 10 kila saa 24.

Hata aliyekuwa na elimu na jina hakusalimika. Robert Castell alikuwa msanifu majengo. Aliposhindwa kutimiza malipo aliyotakiwa na Bambridge, aliondolewa na kupelekwa katika nyumba ya kizuizi ya mtumishi wa Bambridge, nyumba ambayo ndui ilikuwa imekwisha ingia. Castell alisema wazi kwamba hajawahi kuugua ndui na kwamba anaogopa kupelekwa humo. Alipelekwa. Alikufa Desemba 1728. Rafiki yake, mbunge James Oglethorpe, ndiye aliyeongoza kamati iliyoundwa tarehe 25 Februari 1729.

Waheshimiwa, hatusemi kwamba wakuu wa magereza ya Kenya wananunua vyeo. Tunasema kwamba kanuni iliyowaua watu wa Marshalsea ni kwamba gharama ya kumweka mtu ndani ilitafutwa kwa huyohuyo aliye ndani. Kanuni hiyo imo katika Sura ya 21 kila mahali inapogeuza posho ya chakula kuwa gharama za kesi. Ifutwe. Mtu akishatiwa gerezani kwa amri ya dola, chakula chake kitoke katika fungu lilelile la bajeti linalowalisha wafungwa wengine, na kisimfuate nyumbani.

2. Peni nne kwa siku

Hili ndilo tunaloliona zito kuliko yote, kwa kuwa hapa sheria yetu na ile ya Uingereza zinagusana moja kwa moja.

Mwaka 1759 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyosema hivi: mdaiwa wa deni lisilozidi pauni 100 akikabidhi mali yake yote, na mdai bado akataka abaki gerezani, basi mdai amlipe hadi peni 4 kwa siku za chakula. Wiki ambayo mdai hakulipa, mfungwa aachiliwe. Bila shaka wabunge wa siku zile waliona wamemaliza kazi. Mdai mwenye roho ngumu angechoka kulipa, na mdaiwa asingekufa kwa njaa.

Sasa tazameni kilichotokea. John Howard alipokuwa mkuu wa kaunti ya Bedfordshire mwaka 1773 alianza kuzunguka magereza kwa farasi, akiingia kila chumba na kuandika. Katika magereza ya kaunti ya Uingereza na Wales, ukiondoa Middlesex na Surrey, hakupata hata wadaiwa 12 waliokuwa wakipokea zile peni 4. Sababu ilikuwa ya kiutaratibu tu. Peni 4 hazikuja zenyewe. Ilibidi mfungwa apeleke maombi mahakamani, aorodheshe mali yake, ampe mdai taarifa na apate amri. Kazi hiyo ilihitaji wakili, na wakili alihitaji fedha. Aliyekuwa na fedha za wakili hakuwa na haja ya peni 4, na aliyekuwa na haja ya peni 4 hakuwa na fedha za wakili. Haki ikabaki kwenye karatasi kwa muda wote huo.

Sheria yetu inasema vilevile kwamba mdai akiacha kulipa posho, mdaiwa aachiliwe. Lakini nani anahesabu siku? Posho inapaswa kulipwa kabla ya tarehe mosi ya mwezi. Ikifika tarehe mosi fedha hazijaingia, habari iko kwenye daftari la mahakama, mtu yuko gerezani kilomita kadhaa kutoka hapo, na baina ya ofisi hizo mbili yeye hana simu, hana wakili, wala hajui kwamba malipo hayajafika. Ni mlango uleule wa peni 4. Tunaomba sheria iseme waziwazi kwamba wajibu ni wa karani wa mahakama na ofisa msimamizi wa gereza, si wa mfungwa. Siku ya mwisho ya mwezi karani apeleke gerezani orodha ya waliolipiwa. Ambaye jina lake halimo, atolewe kesho yake kabla ya saa sita mchana, bila kuandika ombi lolote. Mpaka ombi letu la kwanza litakapotekelezwa, hili peke yake linaweza kufanyika kwa kanuni, bila kungoja marekebisho ya sheria yote.

3. Uchunguzi wa uwezo kabla ya hati ya kukamata

Kifungu cha 38 cha Sura ya 21 hakimruhusu hakimu kumfunga kila anayedaiwa. Lazima aridhike kwamba mtu huyo anataka kukimbia, au ana uwezo na anakataa, au deni ni la fedha alizokabidhiwa kwa uaminifu. Mahakama Kuu ililieleza hilo mwaka 2012. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972, unakataza katika ibara ya 11 kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kutimiza mkataba, na Katiba yetu, ibara ya 2(6), inaufanya mkataba huo kuwa sehemu ya sheria za nchi.

Kasoro iko kwenye utaratibu. Mdaiwa anapelekewa ilani aje kueleza kwa nini asifungwe. Mzigo wote umekwisha hamia kichwani mwake. Asipofika, au akifika akaeleza hali yake kwa maneno matupu bila nyaraka, anaweza kuondoka na askari. Tunaomba hati ya kukamata isitolewe mpaka hakimu aandike kwa mkono wake mambo manne: kipato cha mdaiwa kwa mwezi, mali anazomiliki, watu wanaomtegemea, na jinsi mdai alivyothibitisha kwamba uwezo upo. Ukurasa huo ukikosekana, hati iwe batili.

Na muda upunguzwe. Uingereza yenyewe ilifuta sehemu kubwa ya kifungo cha deni kwa sheria ya mwaka 1869, ikabakiza kwa mwenye uwezo anayekataa kulipa kifungo kisichozidi wiki sita. Sisi tumebaki na miezi sita, na kizingiti cha shilingi mia moja.

4. Nafasi, hewa na chawa

Katika Marshalsea kulikuwa na chumba kilichoitwa wodi ya George. Kamati ilikipima: futi 16 kwa futi 14, na kimo kama futi 8. Humo walifungiwa usiku watu wasiopungua 32, na mara nyingine 40. Ukigeuza vipimo hivyo unapata mita za mraba kama 21, yaani kwa watu 40 kila mmoja ana nusu mita ya mraba, padogo kuliko jamvi la kuswalia. Sakafu haikuwatosha kulala, kwa hiyo nusu walining'inizwa juu katika vitanda vya kamba, na nusu wakalala chini yao. Joto la kiangazi lilipofika, baadhi walikufa kwa kukosa hewa. Katika Fleet kulikuwa na chumba cha adhabu kilichojengwa kama kaburi la kuba, bila sakafu ya mbao wala ya mawe, bila moto, na mwanga wake ulipita juu ya mlango na katika tundu la inchi 8 kwa 8. Maiti za gerezani ziliwekwa humohumo zikingoja uchunguzi. Mreno Jacob Mendez Solas alitiwa pingu na kufungiwa humo. Alikuwa mdaiwa tu.

Ugonjwa ulioua wengi kuliko njaa katika magereza mengi ya Uingereza uliitwa homa ya gereza. Watu wa wakati ule waliamini kwamba unatoka kwenye hewa chafu, na mwaka 1752 gereza la Newgate lilifungiwa mashine za kupuliza hewa zilizobuniwa na Stephen Hales, zikiendeshwa kwa kinu cha upepo juu ya paa. Mafundi waliozifunga waliugua homa hiyohiyo. Ilikuwa hadi mwaka 1909 ambapo Charles Nicolle, akifanya kazi Tunis, alionyesha kwamba taifasi, ndiyo hiyo homa ya gereza, inaenezwa na chawa wa mwilini. Chawa huyo anataga katika mishono ya nguo. Rudini sasa kwenye hatua za njaa tulizozitaja: mfungwa anauza nguo zake nzuri, anabaki na tambara moja asilolibadilisha, analala amegusana na mwenzake. Ada ilileta umaskini, umaskini ukaleta chawa, chawa akaleta homa. Wala haikuishia ndani. Mwaka 1750 homa hiyo ilitoka Newgate na wafungwa hadi mahakama ya Old Bailey, ikaua zaidi ya watu 50, wakiwamo majaji wawili na Meya wa London.

Dawa iliyofaa iliandikwa katika sheria ya mwaka 1774: kuta na dari zipakwe chokaa angalau mara moja kwa mwaka, vyumba visafishwe na kupata hewa, wagonjwa watengewe vyumba, pawe na mahali pa kuogea, na awepo tabibu. Howard alikuwa ameona kwamba kuogesha mtu na kupasha nguo zake joto kali ndani ya tanuru kunafaa, ijapokuwa hakujua habari za chawa.

Ombi letu hapa ni jepesi. Kila gereza linalopokea wafungwa wa madai libandike langoni na kutangaza kila mwezi namba tatu: mita za mraba za kila chumba cha kulala, idadi ya waliolala humo usiku wenye watu wengi zaidi, na tarehe ya mwisho nguo na matandiko yalipochemshwa. Kamati ya 1729 iliaminiwa kwa kuwa ilikuwa na vipimo mkononi.

5. Sanduku la kufuli saba

Jambo hili halisimuliwi sana, nasi tunalipenda kwa sababu linaonyesha jinsi wafungwa walivyojua kusimamia mambo yao. Marshalsea ilikuwa ikipokea sadaka na wasia wa watu wema kwa ajili ya upande wa maskini. Fedha hizo zilipokelewa kwa stakabadhi yenye muhuri wa wafungwa. Mwaka 1722 wafungwa walimchagua mwenzao Matthew Pugh kuwa msimamizi wao. Alipofuatilia aligundua kwamba kuna sadaka ambazo wafungwa hawakuwahi kuambiwa kwamba zipo. Wakatengeneza muhuri mpya, wakaufungia katika sanduku lenye kufuli saba. Funguo sita walipewa wanyapara sita, mmoja kwa kila wodi, na wa saba akabaki nao msimamizi. Hakuna stakabadhi iliyoweza kupigwa muhuri bila watu saba kusimama mbele ya sanduku. Wenye gereza walilalamika kwamba Pugh ni mchochezi, akazuiwa kuingia gerezani, na usimamizi ukaangukia mikononi mwa watu wao.

Misaada inayoletwa na makanisa, misikiti na vikundi vya kijamii katika magereza yetu iandikwe katika daftari moja, lisomwe mbele ya wafungwa kila mwezi, na litiwe saini na wawakilishi waliowachagua wenyewe.

6. Haki ya kuandika ukiwa ndani

Nahodha Mackpheadris, mfungwa wa Fleet aliyetiwa pingu na Bambridge, alipeleka malalamiko kwa majaji. Walimsikiliza, wakamkemea Huggins na Bambridge, wakasema mkuu wa gereza hana haki ya kumtia pingu mtu ambaye hajakutwa na hatia ya kosa. Kisha wakasema mahakama iko likizoni, kwa hiyo hawawezi kumpa nafuu yoyote.

Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka (ibara ya 37) na kwa Bunge (ibara ya 119), na ibara ya 51 inasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizopatana na kufungwa kwenyewe. Sheria ya mwaka 2012 ya maombi kwa Bunge inataka ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, lisiwe na maneno yaliyokatwa, lieleze hatua zilizokwisha chukuliwa, liseme kama shauri liko mahakamani, na limalizie kwa ombi lililo wazi. Inataka pia jina, anwani, namba ya kitambulisho, na saini au alama ya kidole gumba. Mtu wa nje anayatimiza kwa jioni moja. Mtu wa ndani anahitaji karatasi, kalamu, kitambulisho kilichohifadhiwa ofisini, na ofisa atakayekubali kuipeleka barua inayomlalamikia yeye mwenyewe. Tunaomba kanuni iseme kwamba ofisa wa gereza atajaza namba ya kitambulisho kutoka kwenye kumbukumbu, atampa mfungwa stakabadhi ya tarehe, na atalifikisha ombi kwa Karani wa Bunge ndani ya siku saba bila kulifungua.

Tunayotarajia kujibiwa

Mtaambiwa kwamba wadaiwa wana mali na wanaficha. Wapo. Hata Fleet walikuwapo, na sheria haikuwauma: aliyekuwa na fedha alilipa, akaishi nje ya kuta katika mitaa iliyotengwa jirani na gereza, akila na kunywa, huku asiye na kitu akining'inia katika kitanda cha kamba. Kifungo kinamkuta maskini kwanza. Anayeficha mali anafikiwa kwa kukamata mali, kwa amri juu ya akaunti yake ya benki, kwa kuhojiwa chini ya kiapo, na zana hizo zote zimo tayari katika sheria.

Mtaambiwa kwamba mdai naye ana haki, na kwamba pengine ni mjane au mfanyakazi aliyenyimwa mshahara. Ni kweli, na huyo ndiye tunayemwonea uchungu pia, kwa kuwa sheria inamtaka atoe fedha mfukoni kumlisha mtu ambaye hawezi kumlipa akiwa ndani. Fundi aliyefungwa hashoni, hajengi, hauzi. Kifo cha mfungwa wa Marshalsea hakikumlipa mdai wake chochote.

Mtaambiwa bajeti haitoshi. Wafungwa wa madai ni sehemu ndogo ya wote walio magerezani, na uchunguzi tunaouomba katika namba 3 utawapunguza zaidi.

Tena mtaambiwa kwamba kasoro ni ya ofisa mmoja mmoja, aondolewe aje mwingine. Njia hiyo ilijaribiwa. Bambridge aliondolewa kwa sheria maalumu ya mwaka 1729. Yeye, Huggins na Acton walishtakiwa kwa mauaji, na wote wakaachiwa huru. Acton alikabiliwa na mashtaka manne, ikiwamo kifo cha seremala Thomas Bliss, aliyejaribu kutoroka, akapigwa, akavishwa kofia ya chuma na kubanwa vidole gumba. Mfumo wa ada ulibaki, na Howard aliukuta ukifanya kazi zaidi ya miaka 40 baadaye. Walioshika nafasi zao walikuwa na sababu zilezile za kutoza. Sheria ya wakati ule ilimfanya mkuu wa gereza alipe deni zima ikiwa mdaiwa atatoroka, kwa hiyo pingu zilikuwa bima yake. Sheria ndiyo iliyompa ofisa sababu ya ukatili.

Kwa hayo, waombaji wenu wanasihi Bunge lifute kipengele kinachogeuza posho ya chakula kuwa gharama za kesi; lipunguze kifungo cha madai kisizidi wiki sita na kuinua kizingiti cha shilingi mia moja kifikie kiasi cha maana, kikipitiwa upya kila miaka mitatu; liagize uchunguzi wa uwezo uandikwe kabla ya hati yoyote ya kukamata; na liagize kuachiliwa bila ombi kwa kila mfungwa wa madai ambaye posho yake haikulipwa. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, na nakala yake ibandikwe mahali ambapo waliofungwa wanaweza kuisoma.

Ni sisi, kwa heshima,

Waombaji